Niliandika kwamba mama anampiga mtoto, kumbe ni ngozi yao

Wakuu, poleni na majukumu.

Nimekuwa msomaji tu humu kwa muda mrefu. Leo naandika langu, na sitaongeza chumvi, maana sehemu kubwa ni aibu yangu mwenyewe.

Miaka ya sabini nilikuwa dresa kwenye zahanati moja ndogo milimani, nje kidogo ya Mbeya. Dresa ndiye aliyekuwa anasafisha na kushona vidonda. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu na nilijiona daktari kamili.

Kulikuwa na mtoto anaitwa Tusekile, Mnyakyusa, miaka sita hivi. Baba yake alikuwa kwenye kambi za ujenzi wa reli ya kwenda Zambia, anarudi mara chache. Mtoto aliletwa na mama yake.

Mara ya kwanza goti. Kajikwaa tu uani, lakini kidonda kimepasuka kama kakatwa na panga. Baada ya wiki chache, kidevu. Kisha goti tena.

Kumshona ilikuwa mateso. Uzi ulikuwa unakata nyama kama unashona ugali. Makovu ya zamani yalikuwa membamba, yanang'aa kama karatasi ya sigara. Miguu yote ina michubuko.

Mama alikuwa akisema neno moja tu. "Kaanguka."

Sikumwamini. Kwenye daftari la wagonjwa nikaandika: huenda anapigwa nyumbani.

Ningeishia hapo ingekuwa nafuu. Lakini shangazi wa mtoto, dada wa baba, alikuja kuniuliza, nami nikamsomea nilichoandika. Jioni hiyo hiyo akamchukua Tusekile akakae kwake. Mama hakugombana na mtu. Niliambiwa alisimama mlangoni tu, ameshika gauni la mtoto ambalo lilikuwa bado halijakauka.

Wiki mbili baadaye shangazi alirudi zahanati, mtoto mgongoni, kiwiko kimefunguka.

"Dresa, sijamgusa huyu mtoto," alisema. "Kateleza kwenye majani. Naapa sijamgusa."

Nilimwamini palepale. Hapo ndipo nikajiuliza kwa nini mama yake sikumwamini.

Wakati namsafisha mkono, ngozi yake ikavutika kwenye vidole vyangu, ikainuka kama kitambaa, nilipoachia ikarudi mahali pake. Tusekile akacheka.

"Na mama anaweza," akasema.

Nikamfuata mama shambani. Alikuwa anachimba viazi. Nikamuomba anioneshe mkono. Akafuta udongo, akaivuta ngozi ya kiwiko. Kisha akainua khanga kidogo. Miguu yake ilikuwa na makovu yale yale. Alikuwa akiyaficha tangu siku aliyoolewa.

"Dada, kwa nini hukuniambia?"

"Hukuuliza, kaka. Uliandika."

Wakuu, neno lile ninalo mpaka leo.

Nilisikia Iringa kuna daktari mwanamke aliyesomea magonjwa ya ngozi. Nikaomba ruhusa, tukapanda basi watatu: mimi, mama na Tusekile, ambaye shangazi alimrudisha mwenyewe bila kuambiwa. Njia nzima mtoto alikaa mapajani kwangu juu ya blanketi, nikiogopa kila shimo la barabara. Tulishuka Ipogolo jioni, tukapanda mlima taratibu kuingia mjini.

Daktari aliwapima wote wawili, akakunja vidole vyao, vikaenda nyuma kuliko vya mtu mwingine. Akaeleza kwa Kiswahili cha taratibu.

"Mama, ndani ya ngozi kuna nyuzi zinazoishikilia. Mwili unazitengeneza kwa maagizo tunayorithi kwa wazazi. Kwenu nadhani maagizo yana hitilafu, nyuzi zinatoka dhaifu. Hujamfanya mtoto kitu."

Mama aliinama. Machozi yakawa yanadondokea khanga yake, hakuyafuta.

Daktari akaomba kipande kidogo cha ngozi kutoka kwa kila mmoja, kisichozidi punje ya mahindi, kipelekwe ng'ambo. Huko wangezikuza chembe zake ndani ya chupa waone zinavyotengeneza hizo nyuzi.

"Zitakuwa hai huko?" mama akauliza.

"Kwa muda, ndiyo. Zinawekwa kwenye joto kama la mwili."

Mama akanyoosha mkono wake. "Basi chukua yangu. Ya mtoto iache, imeshachanika vya kutosha."

Daktari hakumlazimisha. Alinifundisha pia kushona kwa tabaka mbili bila kuvuta, kubana kwa plasta juu, na kuchelewa kutoa nyuzi. Nilikuwa nimefanya kinyume chake miezi yote ile.

Barua ya daktari ilikuja karibu mwaka baadaye. Ilikuwa kama alivyodhani. Dawa hakuna, na kila mtoto atakayezaliwa na mwenye ngozi hiyo ana nafasi nusu kwa nusu ya kurithi. Shangazi aliniomba niisome mara mbili. Kesho yake akakata blanketi lake, akamshonea Tusekile vikinga vya magoti.

Mimi nilikwenda kwa mama kuomba radhi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Aliniacha niyamalize yote, akaniwekea sahani ya viazi na maziwa ya mgando.

"Ndaga," akasema, yaani asante. "Sasa kula, vinapoa."

Mama amefariki, Mungu amrehemu. Tusekile yuko Mgololo, ni bibi sasa, magoti yanamsumbua. Mjukuu wake naye kapimwa mwaka juzi. Siku hizi wanaangalia hadi jeni ipi inafanya kazi na ipi imenyamaza. Tusekile alinipigia simu nimsaidie kuelewa majibu, na mengi sikuyaelewa, tukabaki tunamkumbuka mama yake.

Nilichojifunza ni kwamba kalamu ya mtu wa hospitali inaweza kumtoa mtoto kwenye nyumba. Wapo watoto wanaopigwa kweli, na hao tusiwafumbie macho. Lakini muulize mzazi kwanza, na umsikilize mpaka mwisho.

Kama nyumbani kwenu kuna mwenye ngozi ya namna hii, au wewe ni mtu wa afya umewahi kukosea kama mimi, andika hapa chini. Miwani yangu imechoka na nasoma polepole, ila nitasoma ya kila mmoja.