Boti Namba Sitini na Tatu

Elinipa alipopangiwa kazi Kigoma, mama yake kule Same alimfungashia mchele, maharage na dawa za malaria, kana kwamba huko aendako hakuna duka. Alishuka kwenye treni amechoka na amenuna, barua ya kuomba uhamisho ameshaipanga yote kichwani. Haijaandikwa mpaka leo. Anafundisha kompyuta katika chuo cha ufundi mjini, anakula samaki wa migebuka kuwashinda wenyeji, na akisalimiwa kwa Kiha "Mwakeye" sokoni anaitikia bila kufikiri.

Ila Upare haukumtoka. Watu wanamtania kwamba Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, naye hakatai. Akishika jambo, ameshika. Ndivyo alivyolishika lile la maboti ya Kibirizi, ufukwe wa wavuvi kando ya mji.

Mzee Thobias, mwenyekiti wa kikundi cha wavuvi, alimfuata chuoni na ombi moja: wavuvi waonywe kwa simu kabla ziwa halijachafuka. Alikuwa amechoka kuzika. Elinipa akaandika programu jioni baada ya vipindi, bila kudai senti, kwenye kompyuta kuukuu ambayo chuo kilikuwa kimeitupa stoo. Kwa kuwa mashine yenyewe ilikuwa ikikohoa, alichagua njia nyepesi: faili moja, rekodi zimepangwa moja nyuma ya nyingine, zote za urefu mmoja. Kila rekodi ina jina, simu, rangi ya boti, na sehemu ya ziwa anakovua. Ukitaka rekodi ya kumi, programu inahesabu kutoka mwanzo mpaka ya kumi, inakuletea.

Siku ya kujiandikisha wavuvi walipanga foleni, na nafasi ya mtu kwenye foleni ikawa namba yake ndani ya faili. Namba hiyo wakaipaka rangi ubavuni mwa maboti. Gasper, katibu wa kikundi, akauliza itakuwaje mmoja akitoka.

"Hilo faili ni kama benchi la zahanati," Elinipa alimwambia. "Akinyanyuka mmoja, wote walio nyuma yake wanasogea. Kwa hiyo hapa mtu hanyanyuki. Hata akihama mji unamwekea alama tu, unamwacha pale pale."

Gasper aliitikia kwa kichwa. Ah, mangapi huitikiwa kwa kichwa! Na Elinipa, pamoja na ukali wake wote, aliiacha amri ya kufuta ikiwa wazi kwa yeyote mwenye kidole.

Mwaka ukapita, watu wakazoea. Ujumbe ukiingia jioni kwamba upepo unakuja, maboti hayasukumwi. Ukinyamaza, taa za dagaa zinawashwa.

Jumamosi moja Elinipa alikuwa ofisini Kibirizi akiweka nakala ya faili, kama afanyavyo kila wiki. Jana yake onyo lilikuwa limetumwa, na usiku kucha upepo wa kusini ulikuwa umelichapa ziwa. Mwaloni, kwenye gati la wavuvi, maboti yalikuwa yamelala mchangani, wenyewe wakipiga soga. Ndipo simu ya ofisi ikaita. Alikuwa baharia wa meli ya mizigo iliyokuwa ikivuka kwenda Kongo, na sauti yake ilikuwa ikikatikakatika.

"Boti limepinduka... watu wameling'ang'ania, mawimbi makubwa, hatukuweza kulikaribia... ubavuni limeandikwa sitini na tatu..."

"Wapi? Mmeliona wapi?" Elinipa alipiga kelele.

Mtandao ukakata. Walipiga tena na tena, simu ya baharia haikupatikana.

Bado hakuogopa. Si ndiyo kazi aliyoitengenezea ile programu? Aliandika sitini na tatu, rekodi ikaja: Leonardi, boti la bluu, anavua kaskazini upande wa Mwamgongo. Mzee Thobias akatoka mbio kuita watu wa kwenda kaskazini. Mafuta yaliyokuwepo yalitosha kwenda upande mmoja na kurudi.

"Mnamtafuta nani?" mtu aliuliza mlangoni, mswaki mdomoni. "Leonardi si mimi hapa? Nimepinduka lini, nimelala kwangu na mke wangu shahidi!"

Watu walicheka, kisha kicheko kikawafia. Kama huyu ni Leonardi, waliomo majini ni akina nani?

"Achana na hiyo mashine, mwalimu," Mzee Thobias, aliyekuwa amerudi na watu, alisema kwa huzuni. "Twende popote, Mungu atatuongoza."

"Mungu ametupa mafuta ya upande mmoja, mzee wangu," Elinipa alijibu. "Nipe dakika chache." "Leonardi, boti lako limepakwa namba gani?"

"Sitini na tano."

Elinipa akaita rekodi ya sitini na mbili. Ikaja ya Noel, ambaye boti lake lilikuwa pale nje, ubavuni limeandikwa sitini na nne. Akaita ya sitini na moja: hiyo ilikuwa ya mwenye boti lililopakwa sitini na moja, haijasogea. Kwa hiyo kati ya sitini na moja na sitini na nne walikuwa wametoka watu wawili. Akafungua nakala zake, lakini kila Jumamosi alikuwa akiweka mpya juu ya ile ya zamani, na kosa lilikuwa limeingia humo zamani. Akageuka.

"Gasper. Nani amenyanyuliwa kwenye benchi?"

Gasper alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akatazama chini.

"Ni mimi niliyemwagiza," Mzee Thobias alisema. "Ulipokuwa likizo kwenu. Marehemu Maulidi, namba sitini na mbili. Ujumbe ulikuwa bado unaingia kwenye simu yake: ndugu Maulidi, leo usiingie ziwani. Simu anayo mjane. Nikasema tumwondolee mtoto wa watu hayo maumivu."

"Huyo mmoja. Wa pili?"

"Wa pili hayupo, mwalimu," Gasper alisema. "Nilifuta sitini na mbili. Nikaangalia sitini na mbili, nikakuta bado kuna mtu. Nikajua haijakubali, nikafuta tena."

"Jina ulisoma?"

"Sikusoma. Niliona maandishi tu. Mara ya tatu nikamkuta bado yupo, nikaogopa kuharibu kompyuta, nikafunga."

Lau asingeogopa, angeweza kufuta ziwa zima, mtu baada ya mtu, huku akilaumu kitufe. Maulidi alipoondolewa, aliyekuwa nyuma yake alisogea akakaa mahali pake, naye akafutwa mzima mzima, anapumua.

Nani alikuwa nyuma ya Maulidi? Faili halikujua tena, na katika maboti mengi hivyo hakuna aliyekuwa amekariri namba ya mwenzake. Lakini faili lilipangwa kwa foleni, na foleni ile ilikuwa ya watu.

Yasmini, mjane wa Maulidi, alikuwa hatua chache tu kutoka ofisini, akifunga magunia ya dagaa wa juzi. Elinipa alipiga magoti mchangani mbele yake.

"Dada Yasmini, siku ya kujiandikisha, marehemu alisimama na nani?"

"Mbona unahema hivyo? Na Dismasi wa Ilagala, na nani mwingine? Walibishana nani atangulie mpaka nikawacheka. Maulidi akatangulia."

"Dismasi anavua wapi?"

Mikono ya Yasmini ikasimama juu ya gunia. "Mbele ya mdomo wa mto Malagarasi, pale mkondo unapogeuka. Maulidi ndiye aliyemwonyesha. Kuna nini? Mana yanje, Mungu wangu, Dismasi ana nini?"

Leonardi hakusubiri kuombwa. Injini yake ndiyo iliyokuwa na nguvu kuliko zote, naye alishika usukani mwenyewe, akaelekea kusini.

Kungoja huko sitakusimulia. Jua lilikuwa limepinda wakati boti la bluu liliporudi. Dismasi na wenzake wote walikuwa ndani, wamejifunika maturubai, midomo imewapasuka. Walikuwa hai. Yasmini alimshika Dismasi mabegani akalia kwa sauti, naye Elinipa alijificha nyuma ya mlango wa ofisi akalia yake kimya kimya.

"Uliingiaje ziwani, mwanangu, na onyo limetoka?" Mzee Thobias aliuliza.

"Onyo gani, mzee?" Dismasi alisema kwa sauti iliyokauka. "Mimi huangalia simu kabla ya kusukuma boti, kisha naiacha nyumbani. Hakukuwa na ujumbe. Nikajua ziwa ni shwari."

Mzee Thobias alikaa chini mchangani, kofia mkononi.

Elinipa hakutaka jua lichwe kabla ya kurekebisha. Alianza kwa kuiondoa kabisa amri ya kufuta. Gasper akashauri Dismasi aandikwe mwisho wa faili, apewe namba mpya.

"Hapana," Elinipa alisema. "Kila mtu atarudi kwenye namba iliyopakwa kwenye boti lake. Na ili Dismasi akae sitini na tatu, lazima Maulidi akae sitini na mbili."

Alimwita Yasmini ili amwombe ruhusa. Alimweleza kwamba jina litarudi, ila ujumbe ataufunga usimfikie tena.

Yasmini alitoa simu kutoka kwenye pindo la kanga, simu ndogo ya vitufe iliyofungwa raba.

"Kumbe ni nyie mliouzuia," alisema. "Mimi nilidhani imeharibika. Nimeipeleka kwa fundi, fundi akasema ni nzima. Nikajua basi, wenzake wamemsahau."

Mzee Thobias alifumba macho.

"Usiufunge, mwalimu. Mwandike, na ujumbe wake uje," Yasmini alisema.

Elinipa akamwandika Maulidi, kisha Dismasi nyuma yake. Akaita rekodi ya sitini na tatu, akalisoma jina kwa sauti, herufi kwa herufi. Upepo ulikuwa bado haujatulia, hivyo akatuma onyo la jioni ile kwa wote. Simu ya vitufe ikalia mkononi mwa Yasmini. Akausoma ujumbe taratibu mpaka mwisho, kisha akabonyeza namba nyingine.

"Dismasi, umefika nyumbani? Ujumbe umeingia na kwako?"

"Umeingia, shemeji."

"Haya. Basi leo usiende."