Alimkejeli mwimbaji, kumbe spika iko wazi

Saa tisa alasiri, Pyo Sang-geun anapiga magoti katikati ya jukwaa mjini Jeonju, akibandika kingo za mkeka zisije zikamkwaza mtu. Leo anarudi Mwalimu Eom Gye-hwa, mwimbaji wa pansori, hadithi ndefu za jadi zinazoimbwa kwa ngoma moja, na Pyo, fundi wa jukwaa, hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi.

"Kaka Pyo, njoo ule," anamwita Tak Mi-ran, fundi wa taa.

"Kula wewe. Mimi hata mate hayapiti."

"Safari ile maneno yalikuwa yanapita vizuri tu!"

Pyo anarudi kwenye mkeka. Masikio yanamwiva.

Ana miaka 46, na amefanya kazi nyuma ya mapazia tangu atoke jeshini. Masika ya mwaka huu, Mwalimu Eom, anayekaribia miaka themanini, aliomba kiyoyozi kizimwe, mkeka usogezwe, kisha urudishwe ulipokuwa. Pyo akamwambia Mi-ran kwa kipaza sauti cha mafundi: "Bibi kizee huyu anajiona malkia, na sauti yenyewe ilishamwisha. Mzimie taa akalale."

Hakujua kwamba spika inayopeleka sauti hiyo chumba cha wasanii imeachwa wazi. Mwalimu alikuwa mle ndani, akinywa chai na mpiga ngoma wake.

"Mpiga ngoma alitoka amevimba, anataka kunipiga," anasimulia Pyo. "Mwalimu akamvuta mkono, wakapanda jukwaani."

Onyesho lilipokwisha, Mwalimu alimfuata Pyo, akashika upande wa pili wa mkeka wakunje pamoja.

"Mwanangu, sauti iliniishia wapi? Siku hizi siisikii vizuri sauti yangu nikiimba. Wewe ulikuwa pembeni, niambie nikarekebishe."

Pyo anafuta uso kwa kiganja. "Hakuwa ananikejeli. Aliuliza kama mwanafunzi. Nami sikuwa nimesikiliza hata wimbo mmoja. Miaka yote, watu wakiimba, mimi natazama simu nangoja wamalize."

Tangu hapo amekuwa akisikiliza rekodi zake garini. Siku moja, Mwalimu akiimba kisa cha mama anayemtafuta mwanawe, Pyo aliegesha kando ya barabara akalia. "Sijawahi kusikia mtu kama yule. Na mimi ndiye niliyemsema vile."

Jioni Mwalimu anapoingia na mpiga ngoma wake, Pyo anainama mpaka kiunoni.

"Mwalimu, nisamehe. Siku ile nilikuwa sisikilizi."

"Kwa hiyo sauti haikuisha?"

"Sijui, Mwalimu. Nilisema tu."

"Lo! Na mimi kila asubuhi natafuta kosa!" Mwalimu anacheka, anampiga begani, anapita. Mpiga ngoma hacheki.

Pyo anabaki ameinama, ingawa hakuna tena mtu mbele yake.

Baadaye, Mwalimu akiwa ameshaanza kuimba, Pyo anazungumza kwa kunong'ona. Mama yake mzazi, anayeishi Namwon, humpenda Mwalimu Eom kupita kiasi. Mafundi hupewa tiketi za bure. Pyo hajawahi kumletea mama hata moja. Alikuwa akimwambia hizo ni kelele za wazee.

Mwalimu atarudi majira ya baridi. Pyo ameshaomba ruhusa asiwe kazini siku hiyo, akae kwenye viti na mama yake.

"Mama ataniuliza kwa nini leo, baada ya miaka yote hii," anasema. "Nitamwambia yote, na nilichokisema siku ile pia. Najua atanikasirikia. Natumaini atakuja hivyo hivyo."