Ufunguo wa Jumba la Maziwa

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mguu wangu bado unacheza chini ya meza. Nilikuwa nimekaa kwenye viti vya wananchi ndani ya bunge la kaunti, koti langu la sokoni limefungwa vifungo vyote, nikimtazama msichana wa kijijini kwetu akimuuliza waziri wa kaunti swali fupi kuliko vyeo vya waziri mwenyewe. Nimeona fahali wakipigana hadi ua ukavunjika. Lakini sijawahi kushika kiti kwa mikono miwili kama siku ile.

Kaunti yenyewe sitaitaja. Mlima ni mmoja na kaunti zinazouzunguka ni kadhaa. Wewe angalia ya kwako.

Mimi ni mtu wa ng'ombe. Shule niliipitia kama mtu anayepita sokoni mfuko ukiwa mtupu: niliangalia, nikaondoka. Lakini nyumba yangu ya mawe nimeijenga mwenyewe, na kutoka Kutus mpaka Nanyuki hakuna mtu anayeweza kuniuzia ng'ombe tasa. Hili la kuuliza na kujibu ninalotaka kukwambia sikulipata darasani. Nililipata nikiwa nimesimama kwenye mavi ya ng'ombe.

Kwanza nikwambie shida yetu. Kwetu Karimaini kaunti ilitujengea jumba la kupozea maziwa. Jumba zuri, siwezi kudanganya. Mtambo ulikuja kwa lori, unang'aa, tukautazama kama bibi harusi. Stima ikavutwa. Halafu mlango ukafungwa kwa kufuli kubwa kama ngumi, na ukakaa hivyo mvua ya kwanza, ukakaa hivyo mvua ya pili. Usiku taa inawaka juu ya mlango. Kaunti imeandika mlinzi, analipwa na kodi yangu na yako. Analinda nini? Ndani hakuna hata tone. Tulikuwa tunalipa mtu alinde giza.

Jirani yangu Nyaguthii, mjane, ana ng'ombe mmoja anayeitwa Karembo. Mwanangu, nimeshika ng'ombe wengi, lakini kiwele kama kile ni Mungu alikaa chini akafanya kazi. Maziwa ya asubuhi lori la ushirika linayachukua. Ya jioni hayana wa kuyachukua. Nyaguthii anatumbukiza mkebe kwenye beseni la maji mpaka kukuche, mpimaji wa ushirika anatikisa kichupa chake, anatikisa na kichwa, yamechacha, mkebe unarudi. Maziwa yanaishia kwa nguruwe wa jirani.

Alikuja kwangu akasimama mlangoni, hakutaka hata chai.

"Baba Wachira, nitafutie mtu wa Karembo."

"Wa kumfanya nini?"

"Wa kumnunua. Usinifanye niseme mara mbili."

"Mama, ng'ombe kama huyo hupati mwingine."

"Najua. Lakini siwezi kununua chakula cha gunia ili nimnyweshe nguruwe wa mtu."

Ni kweli, na biashara ni biashara. Nikampigia simu Muriithi wa Kutus, mnunuzi, akasema atakuja Jumamosi ya wiki ijayo na lori. Lakini nilipokata simu moyo ulikuwa mzito, kana kwamba nimeita watu wa kumbeba mgonjwa ambaye bado anaongea.

Sasa, Jumapili ya wiki hiyohiyo, baada ya kanisa, Wangeci akaja. Huyu ndiye mwakilishi wetu katika bunge la kaunti. Bado mdogo, hata mimi nilimwona akichunga mbuzi wa mama yake. Kamati yao ilikuwa imemwita waziri wa kilimo wa kaunti aje Alhamisi aeleze pesa za wakulima zimefanya nini. Akanisomea swali lake. Akasoma, akasoma. Lilianza kwa salamu, likapita kwenye bajeti, likagusa mwanakandarasi, mtambo, stima, mlinzi, sera ya maziwa, vijana na akina mama, na lilipofika mwisho chai yangu ilikuwa imeshika utando.

"Unaonaje, Guka?" Huku kwetu guka ni babu.

"Swali ni lipi hapo?"

"Yote, Guka."

"Basi hakuna."

Alikasirika. Mdomo ulisogea upande, kama wa mama yake kabisa. Ndipo nikamwambia habari ya Nanyuki, na wewe pia nakwambia, kwa sababu bila hiyo hutaelewa kilichotokea Alhamisi.

Nilikuwa kijana, nikilala kwenye chumba cha kupanga kule Majengo, mjini Nyeri. Pesa yangu ya kwanza ya kununua ng'ombe niliishona ndani ya kaptula. Nikaenda soko la mifugo la Nanyuki nikamwona mtamba mwekundu, nikampenda palepale, kosa la kwanza la kila kijana. Nikataka muuzaji aone mimi si mshamba. Nikamwuliza, "Ana umri gani, anatoka wapi, amechanjwa, ana mimba, na anakula nini?" Yote kwa pumzi moja, mkono kiunoni.

Muuzaji akacheka. "Anakula nini? Huyu? Anakula chochote, hata hiyo shati yako ukiitundika vibaya!"

Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, kwa sababu shati yenyewe kweli ilikuwa na tundu. Nikaanza kuingiza mkono kwenye kaptula. Hapo mkono mwingine ukanishika kiwiko. Alikuwa mzee mmoja Mborana, mtu wa kaskazini, mfanyabiashara wa ng'ombe, waliyemwita Haji Guyo. Hakuwa ananijua.

"Wewe kijana. Umeuliza mambo matano. Amekujibu lipi?"

"La chakula."

"Na wewe ulitaka kujua lipi?"

Nikatazama chini. "Kama ana mimba."

"Sasa mbona umempa soko zima achague? Umemfungulia milango mitano, ametoka kwa ule mdogo, na wewe unacheka naye! Rudi. Uliza hilo moja. Halafu funga mdomo. Usikohoe, usicheke, usimsaidie. Mwache akae na swali lake mpaka limchome."

Nikarudi. "Ana mimba?" Nikafunga mdomo.

Muuzaji akasema hali ya hewa ni nzuri. Nikanyamaza. Akasema ng'ombe wa damu hii hawana shida. Nikanyamaza. Akavua kofia, akautazama mlima, akavaa kofia. Nilitamani kusema kitu, mwanangu, masikio yananiwaka, ulimi unawasha! Haji Guyo alikuwa ananitazama tu. Mwishowe muuzaji akasema kwa sauti ndogo, "Bwana, huyu dume limempanda mpaka limechoka. Hashiki."

Siku hiyo nilirudi Majengo na pesa yangu ndani ya kaptula.

Wangeci alisikiliza mpaka mwisho. Akaangalia karatasi zake. "Guka, mimi nataka kujua ni nani ana ufunguo wa ile nyumba."

"Haya," nikamwambia. "Hilo si umelisema vizuri?"

Alhamisi nikapanda bungeni na Nyaguthii. Alikuwa amevaa kilemba cha kanisani na viatu vya mvua, maana alitoka zizini moja kwa moja. Tukakaa nyuma kwa wananchi, ambapo huruhusiwi kusema lolote; askari wa bunge amesimama kando yako kama mchungaji wa kondoo wabaya.

Waziri akaingia na maofisa wake, faili zimebebwa na watu wawili. Mtu nadhifu, mpole, hakuwa na ubaya usoni. Akaanza mheshimiwa mmoja wa kofia ya kijani. Aliuliza juu ya barabara za chai, mbolea, dawa ya kupe, pesa za vijana na choo cha soko, yote kwa pumzi moja, na akamalizia kwa kumpa pole waziri kwa msiba uliompata. Waziri akamshukuru kwa swali zuri sana. Akajibu choo. Alikijibu vizuri, na vigae vyake, mpaka mheshimiwa akatabasamu akakaa. Nikampiga Nyaguthii kiwiko. "Umeona? Shati yangu hiyo!" Hakunielewa, lakini askari alinisikia.

"Mzee, nyamaza."

"Sijasema kitu."

"Umesema. Na unapumua kwa kelele."

Ndipo Wangeci akasimama. Hakuwa na karatasi. Akasema, "Mwenyekiti, namuuliza waziri: ufunguo wa jumba la maziwa la Karimaini uko na nani?"

Akanyamaza. Akabaki amesimama.

Waziri akasema, "Swali zuri sana. Serikali hii ya kaunti inamweka mkulima mbele." Wangeci kimya. Waziri akasema habari ya mnyororo wa thamani, na wageni waliotoka mbali kuja kuona mitambo yetu. Wangeci kimya. Akasema jengo lilikuwa la mwanakandarasi. Kimya. Akageuka kumtazama ofisa wake, na ofisa akaanza kuchunguza viatu vyake kana kwamba amevipata leo. Mwanangu, bunge zima likawa kama zizi wakati chui amepita karibu! Nilishika kiti. Moyoni nilikuwa nalia, msichana, usiseme, usiseme, usimsaidie!

Mwenyekiti hakuweza kuvumilia. "Mheshimiwa, una swali la nyongeza?"

"Hapana, mwenyekiti. Bado nangoja lile la kwanza."

Lo! Nilitaka kuruka juu ya dawati. Waziri akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Nilimwona yule muuzaji wa Nanyuki na kofia yake, kabisa kabisa.

"Ufunguo," akasema, "uko ofisini kwangu. Kwenye droo."

"Unafanya nini kwenye droo?" mwenyekiti akamrukia.

"Kazi ilikwisha, mwenyekiti. Tulikuwa tunangoja ufunguzi rasmi. Mkubwa hajapata nafasi ya kuja kukata utepe."

Kabla mtu hajacheka, Nyaguthii akasimama na viatu vyake vya mvua. "Na mimi nimwambie Karembo afunge maziwa mpaka mkubwa apate nafasi?"

Askari akamjia mbio. Mwenyekiti akainua mkono. "Mwache huyo mama." Na wabunge wakagonga meza, hata wa kofia ya kijani, hata wale ambao kila siku hula meza moja na waziri.

Ungedhani Wangeci sasa angepiga kelele, aonekane. Hakupiga. Alingoja meza zinyamaze. Lile la kwanza lilikuwa limejibiwa, akauliza la pili.

"Mwenyekiti, kwenye droo hiyo kuna funguo zingine?"

Waziri hakuzunguka tena. Alijua huyu hataketi.

"Ziko," akasema.

Neno moja tu. Wote tulikaa tukifikiria: zahanati gani hiyo? Soko la nani? Ni nani mwingine kama Nyaguthii, kwenye vilima vingine, anatafuta mtu wa kumuuzia kitu chake kizuri kwa sababu ya utepe? Kamati ikaamua palepale: ufunguo wetu utoke siku hiyo uende kwa ushirika, waziri alete zile zingine zote mezani na majina ya majengo yake, na kuanzia hapo kitu cha umma kikiisha kitumike, sherehe itafuata. Waziri akakubali, mbele yetu. Na nitamsifu kwa hilo: alivyotoka alipita kwa Nyaguthii akamwambia pole, na alimaanisha.

Jumamosi Muriithi akafika na lori lake kutoka Kutus, akipiga honi. Mimi na yeye tukasimama njiani.

"Mzee, ng'ombe yuko wapi?"

"Hauzwi."

"Umeniita kutoka Kutus unitazame? Umezeeka, wewe! Umeacha biashara?"

"Biashara sijaacha. Tega sikio."

Akatega. Kutoka kule juu mtambo ulikuwa unanguruma, na Nyaguthii alikuwa anatupita na mkebe wa maziwa ya jioni, yenye povu, akitembea haraka kama msichana. Muriithi akamwuliza, "Mama, huuzi kweli?" Nyaguthii alibadilisha mkono uliobeba mkebe, akaendelea kupanda. Muriithi alicheka mpaka akashika mlango wa lori. Nikamkaribisha chai, ikawa ya maziwa mengi.

Sasa mwanangu, nisikilize, maana mimi sitakuwa hapa kila siku. Ukichaguliwa, au ukiitwa kwenye mkutano wa kaunti wa kuwauliza wananchi wanataka bajeti ifanye nini, usiende kuonyesha unajua kuuliza. Nenda na kile kimoja kinachomnyima jirani yako usingizi. Kiseme kifupi, hata mtoto akielewe. Usimtukane unayemuuliza, maana ukimtukana atajibu tusi, na swali litapotea. Ukishauliza, kaa kimya. Hapo ndipo pagumu, najua. Sisi watu wa huku tuna huruma ya mdomo, tukiona mtu amekwama tunamkatia njia kwa kicheko. Usimkatie. Na usikae chini kabla hajajibu. La pili lipo, halitaoza.

Na kama siku moja wewe ndiye utakayekuwa na droo, kumbuka kuna mkebe mahali unaharibika. Wakikuuliza, sema "ziko" mapema.

Nenda basi. Mungu aliyeuweka mlima huu mahali pake akuweke na wewe mahali pako. Akupe ng'ombe wenye maziwa asubuhi na jioni, na mlango wa kuyapeleka ukiwa wazi. Akupe jirani wa kukuuliza ukipotea, na akupe koo safi la kumjibu. Iwe hivyo, mwanangu, na iwe hivyo kwa watoto wako.