Viganja Viwili vya Magadi

Juzi nilipanda mlimani kumsalimu binamu yangu, na kabla sijapangusa vumbi la bodaboda akaniambia chakula tayari. Chakula gani? Makande! Nikamuuliza ameyabandika saa ngapi. Saa nne, akasema, na muda ule ilikuwa saa tano na nusu tu. Kumbe siku hizi wana presha kuka, inapiga filimbi jikoni kama mwamuzi wa mpira, na mahindi na maharage yanalainika ndani yake bila ubishi. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Watoto wakanitazama wakidhani shangazi yao wa mjini amechanganyikiwa. Acha nikusimulie wewe, maana ukila makande ya siku hizi huwezi kujua sisi tulitoka wapi.

Nilizaliwa Makanya, kule chini kwenye joto, ambako baba alichimba jasi na kurudi nyumbani mweupe kuanzia kope hadi kandambili. Likizo zikifika nilipelekwa juu kwa bibi mzaa mama. Jamani, raha yake! Unaamka ukungu umekaa mlangoni, migomba inadondosha maji, na harufu ya tangawizi mbichi imeshika mikono ya kila mtu, hata ya mchungaji. Bibi alikuwa mjane mwenye goti bovu na mdomo mzima. Alikuwa akisema, "Mguu umenistaafisha, ulimi bado."

Shamba lake la maharage lilinyweshwa na ndiva, lile bwawa letu la udongo linalokusanya maji ya kijito yagawiwe mashambani kwa zamu. Kila mwaka ndiva ilizibuliwa matope kwa msaragambo. Pembe ikilia, kila nyumba inatoa mtu na jembe, na asiyetoa kitu hana zamu ya maji. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, haina kona. Bibi hakuweza tena kushika jembe, na mwaka ule niliofikisha miaka kumi na mmoja kuna waliosema zamu yake apewe mwenye nguvu. Bibi alikwenda kikaoni kwa mkongojo, akamwambia msimamizi wa ndiva mbele ya watu, "Mimi nitawapikia. Mkishiba, zamu yangu ibaki. Mkilala njaa, ichukueni." Wakakubali. Kwa hiyo maharage yake yote ya kiangazi yalikuwa ndani ya sufuria moja.

Na sufuria hiyo alinikabidhi mimi. Aliniagiza niwashe moto kabla ya jogoo wa pili, yeye atadamka kwenda usharikani kuazima sahani. Nikamjibu kwa maringo, "Bibi, makande nayajua. Kwetu Makanya ukibandika saa moja, saa sita unakula." Akaniangalia, akasema, "Haya, mama Makanya." Nikalala usingizi wa mtu anayejua kila kitu. Nilipofumbua macho jua lilikuwa limeshatoka na bibi ameshaondoka.

Sikuhangaika. Nikawasha moto, sufuria ikachemka upesi kuliko kwetu, nikapiga mluzi. Saa nne nikaonja, maharage kokoto. Saa tano, kokoto. Nikaongeza kuni, moto ukalia, maji yakarukaruka, moshi ukanitoa kamasi, na mahindi yananitazama tu! Huko juu nasikia watu wanaimba kwenye matope, na najua nyimbo zao zinashuka na njaa. Hapo ndipo nilipokikumbuka kibuyu cha magadi. Bibi hutia ncha ya kidole, makande yanawahi. Nikajiambia, kama ncha ya kidole inawahisha kidogo, je, viganja viwili? Nikatia.

Yalilainika, rafiki yangu, tena haraka ajabu. Yakawa pia ya njano kama kiini cha yai, na nilipoonja nilidhani nimelamba sabuni ya kufulia. Nikakaa chini nikalia kwa sauti.

Bibi akanikuta hivyo hivyo. Alifuatana na mwalimu wa kemia wa sekondari, kijana aliyekuwa msaragamboni, suruali imekunjwa magotini, akimsaidia kubeba sahani. Bibi akachota, akaonja, akakitua kijiko polepole. Nilitamani anichape. Hakunichapa. Alisema tu, "Basi, maji yangu yamekwenda," akakaa kwenye kigoda. Sikuwahi kumwona bibi amenywea vile. Moyo uliniuma hata kilio kikakata.

Mwalimu akauliza nimetia magadi kiasi gani. Nikamwonyesha viganja. Mtu mzima akaangua kicheko, akauliza kama kuna ndimu. Zilikuwepo, kapu zima nililotoka nalo Makanya. Akakamua chache, akamimina, na sufuria ikafura! Povu likapanda, likamwagika, likazima nusu ya moto, bibi akaruka kutoka kigodani na goti lake bovu, "Yesu wangu, mnaniua!" Mwalimu anacheka anakoroga. Magadi na ndimu ni wagomvi wanaomalizana, akasema, tusiwaamulie, tuwasubiri watulie, kisha tuonje. Tukamimina tena kidogo, tukaonja, tena kidogo, tukaonja, mpaka povu likaacha kuja na ile sabuni ikapotea. Huku tukikoroga akanieleza kwamba mlimani maji huchemka mapema, kabla hayajafikia joto lile la Makanya, na yakishachemka hayapandi tena hata uchome msitu mzima. Ndiyo maana kuni zangu hazikufua dafu.

Watu wakashuka na matope hadi masikioni. Msimamizi wa ndiva akawa wa kwanza kuonja. Akatafuna, akamgeukia bibi. "Mama, humu umetia nini?"

Bibi angeweza kusema lolote. Akaninyooshea mkongojo. "Muulize mpishi."

Nikasimama. "Shikamoo. Nimetia magadi, viganja viwili. Halafu ndimu. Halafu... nilichelewa kuamka." Kicheko kilicholipuka pale nadhani kilisikika Makanya. Msimamizi akafuta machozi, akasukuma sahani yake iongezwe, akatangaza, "Alhamisi asubuhi, maji ya bibi na mpishi wake." Nikamrukia bibi shingoni nusura tuanguke wote.

Alhamisi ilipofika, mwalimu alinipeleka kuiona ndiva imejaa, kimya, usawa wake hausogei. Akanionyesha mfereji unaoingiza na tundu linalotoa. "Usidhani yamelala," akasema, "yanayoingia ni sawasawa na yanayotoka." Miaka baadaye, kidato cha tatu, mwalimu mwingine alipohangaika kutueleza msawazo wa kikemia, pale mmenyuko unapokwenda mbele na kurudi nyuma kwa kasi moja, darasa zima likakunja uso, mimi nikaguna, "Kumbe ni ndiva tu!" Leo nafundisha somo hilohilo.

Sasa kuna mabomba, kila mtu anafungulia kwake anapotaka, na pembe haijalia miaka. Ni nafuu, wala sinung'uniki. Ila bibi alifariki wakati wa ndiva bado, maharage yake yakiwa ndiyo kwanza yanatoa maua. Tulimzika Jumanne, na katika pilikapilika za msiba hakuna mtu wa nyumba yetu aliyekumbuka shamba. Alhamisi nilipita pale nikakuta udongo umelowa. Alhamisi iliyofuata pia. Hakuna aliyeniambia ni nani anayefungulia, na kila niliyemuuliza alisema ni zamu ya bibi yako. Waliendelea hivyo hadi maharage yakakauka kwenye maganda, tukayavuna.