Shukrani Iliyotangulia Safari

Kwa miaka kumi na miwili Ninahazwe ameuza vitenge kwenye kibanda kimoja karibu na Albert Park mjini Durban, na hakuwahi kukifunga Jumamosi. Jumamosi ndiyo siku ambayo watu hukumbuka kwamba kesho kuna kanisa na hawana cha kuvaa. Kwa sababu hiyo hakuwahi kumwona binti yake Estella akicheza mpira wa kikapu, maana mechi nazo ni Jumamosi. Alichojua ni kwamba mtoto amerefuka kupita mlango, na kwamba mwezi wa pili chuo kikuu kimoja cha Marekani, ambacho hata wasiojua mpira huvaa jina lake kwenye kofia, kilimwahidi nafasi na ada yote. Estella akakubali.

Nani angenyamaza? Kanisa lao la Warundi lina desturi: aliyetendewa jambo na Mungu huleta shukrani. Huvalisha ndugu na marafiki sare, wakaingia wakicheza kutoka mlangoni hadi madhabahuni, kisha mwenyewe hushika kipaza sauti na kutoa ushuhuda. Wenye busara hungoja jambo litimie. Ninahazwe hakungoja. Aliwavika watu thelathini na wawili kitenge cha rangi za chuo, akalitaja jina la chuo mara sita. Tangu siku hiyo aliitwa Mama Amerika, naye akaitika bila haya. Kutangulia si kufika, lakini nenda ukamwambie hivyo mtu aliye katikati ya kucheza.

Mwezi wa sita Estella alirudi kutoka mazoezini akakaa kitandani bila kuvua viatu.

"Mama, nataka kubadilisha chuo."

"Kubadilisha namna gani?"

"Kocha wa kule amechukua wachezaji watatu kutoka vyuo vingine. Wakubwa, na wote ni wa nafasi yangu. Miye nitakuwa niko nakaa tu benchi, miaka mbili. Iko chuo kingine, kidogo. Ada wanalipa yote, na wanataka nicheze tangu mwanzo."

"Kinaitwaje?"

Estella akakitaja. Mama akamwomba arudie, na hata aliporudia, jina halikumkaa kichwani.

"Ahadi ni deni," Ninahazwe akasema. "Weye ulitoa neno lako. Na miye nilitoa langu mbele ya kanisa."

"Lako sikukuomba, Mama."

Estella alikuwa na miaka kumi na saba, kwa hiyo barua ya chuo kidogo ilitaka sahihi ya mzazi kabla ya Jumatatu. Ilikaa juu ya friji siku nne, na Ninahazwe akawa anafungua friji bila kuinua macho. Aliona aibu, na aibu ilimfanya mkali kwa kila mtu, wateja wakiwemo.

Ijumaa akaja Pandu, Mzanzibari fundi simu ambaye jioni humfundisha Estella na vijana wenzake mpira.

"Mama Estella, heri kenda shika kuliko kumi nenda uje."

"Mwalimu, weye huna kanisa la kukucheka."

"Nina msikiti, na huko pia wanacheka. Njoo kesho uwanjani. Ukishaona, kataa ukitaka."

Akaenda. Kibanda alimwachia jirani yake Sonia, pamoja na maagizo yaliyochukua nusu saa kuyatoa. Alikaa kwenye ngazi za saruji akiwa na mkoba mapajani, asielewe kwa nini filimbi inapigwa. Lakini binti yake, huyo mama alimwelewa vizuri. Yule ambaye nyumbani huzungumza kama anayelipia kila neno, hapa alikuwa anawafokea wenzake, anawapanga, anacheka mdomo wazi. Ninahazwe alifurahi mpaka akatazama pembeni kama kuna aliyemwona.

Halafu Pandu akamtoa Estella uwanjani. Mpaka leo anaapa kwamba mtoto alikuwa amechoka, na mpaka leo Ninahazwe hamwamini. Dakika kumi na mbili Estella alikaa benchi. Mpira uliendelea, mama hakuutazama. Alitazama yale magoti yaliyokuwa yakipanda na kushuka, na mikono isiyojua pa kukaa. Ukaaji ule aliujua. Bujumbura alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alipofika Durban alikaa miaka miwili kwenye kiti cha plastiki, akilinda magari ya watu nje ya shule, akisikia kengele ya darasa ikilia.

Jumapili kanisani Ninahazwe alisimama peke yake, bila sare na bila ngoma. Pasta Sébastien alimpa kipaza sauti kwa kusitasita, maana shukrani kanisani huletwa, hairekebishwi.

"Mtoto haendi kule nilikosema," Ninahazwe akasema. "Anaenda pengine. Ni kachuo kadogo."

Nyuma mtu akacheka. Mama Verediana, aliyecheza mstari wa mbele siku ile ya shukrani, akauliza kwa sauti ya upole mno: "Pengine wapi, Mama Amerika?"

"Jina mtamuuliza Estella. Mwezi wa pili nilimshukuru Mungu kwa mchezo wa mtoto wangu, na sikuwa nimewahi kumwona akicheza. Hata siku moja. Jana ndiyo nimemwona."

Akarudisha kipaza sauti. Hakuna aliyepiga vigelegele, naye hakuvingoja. Barua alikuwa ameshaitia sahihi asubuhi, kabla hata ya kuchemsha chai.