Shahidi Kutoka Likuyani

Baba aliuawa gerezani pamoja na wafungwa wengine wanne wa kisiasa, mimi nikiwa darasa la sita. Tuliambiwa walipigwa risasi wakijaribu kutoroka. Mama hakukubali, akaishtaki serikali, na tangu hapo maisha yetu Khayega yakafuata tarehe za mahakama. Kesi ikiahirishwa, alirudi nyumbani, akabadilisha nguo, akaingia shambani. Majaji walistaafu. Wakili wetu wa kwanza alifariki. Mimi nilioa na kupata watoto, kesi bado ipo.

Hatimaye wakili mpya alipata shahidi, askari jela mstaafu wa Likuyani aliyekuwa zamu siku ile. Asubuhi ya kutoa ushahidi tulimkuta kwenye benchi nje ya mahakama mjini Kakamega, amefunga koti hadi shingoni ingawa jua lilikuwa kali. Wakili alinivuta kando.

"Hataki kuingia. Kuna mtu amempigia simu, akamtisha."

Nilitaka kumshika kola nimkokote ndani. Mama alinipita, akaenda kuketi kando yake.

"Umekunywa chai, mzee?"

"Bado, mama."

Akammiminia kutoka kwenye chupa yake. Alikishika kikombe kwa mikono miwili.

"Mimi ndiye niliyefungua mlango wa seli," alisema. "Niliambiwa wanapelekwa hospitali."

Mama alifunga chupa, akamgeukia.

"Mzee wangu alisema nini akitoka?"

"Aliomba viatu. Alisema hawezi kwenda hospitali miguu mitupu."

Mama alifuta macho kwa leso. "Basi ingia uwaambie hivyo. Nitakaa mbele. Uniangalie mimi, usiwaangalie wengine."

Jina la shahidi lilipoitwa, aliinuka. Wakili wa serikali alimuuliza mara tatu kwa nini alinyamaza miaka yote hiyo. Mara zote alijibu, "Niliogopa," macho yake kwa mama.

Jaji aliamua kwamba hakuna aliyejaribu kutoroka: waliuawa. Akaagiza waliohusika wachunguzwe. Mpaka leo hajakamatwa mtu.

Wiki moja baada ya hukumu tulisikia nyumba ya yule mzee imepigwa mawe. Mama akasema twende. Tulimkuta akipigilia mbao kwenye dirisha, mkewe amemshikia misumari. Hakutukaribisha ndani; aliangalia barabara kwanza, halafu sisi.

"Wakiniita tena mahakamani, mama, nitakuja," alisema, akaendelea kupigilia.

Mama aliweka chini kikapu alichokuja nacho, akaishika mbao upande wa pili.