Mzigo wa Kuni wa Bwana Paskali

Mdogo wangu Yunis alikuwa mfagiaji wa chumba cha kusomea cha Lushoto, kile kilichokuwa nyuma ya soko, tangu serikali ya Mwingereza ilipokifungua mpaka kifua kilipomtoa. Watu wamemsahau. Bwana Paskali wanamkumbuka, kwa sababu alivaa tai. Basi nitawasimulia wote wawili kama walivyokuwa.

Yunis alikuwa mfupi, mwepesi wa kucheka. Mumewe alimwacha kwa kuwa hakuzaa, akarudi kwa mama yetu Marta, juu ya njia ya Kwai. Hakusoma, wala mimi sikusoma. Lakini kazi ile aliipenda. "Wanaume wakisoma wananyamaza," aliniambia, "na mwanamume akinyamaza anapendeza."

Nyumba ile ilikuwa ya Mjerumani, ina meko ukutani na dohani ya kutolea moshi. Serikali ilileta vitabu, magazeti na meza. Kuni haikuleta. Asubuhi za baridi Yunis aliwaona wanawake wakifika sokoni na mizigo, watoto wanatetemeka mgongoni. Kwetu mwanamke haendi kwa mgonjwa wala kwa aliyejifungua mikono mitupu. Huenda na kuni. Yunis akaiingiza desturi hiyo chumbani. Kila mwanamke aliyeingia aliweka ukuni mmoja, akaota moto, akanyonyesha, akapumzisha shingo. Mzee Yonathani, mwinjilisti aliyestaafu, aliwasomea gazetini habari za minyoo, za kuchemsha maji, za mtoto anayeharisha. Aliyetaka kuuliza aliuliza, aliyechoka alisinzia. Jua likitoka Yunis alifungua madirisha yote.

Ndipo akaletwa Paskali kutoka Tanga awe msimamizi. Kijana wa juzi tu, na hakumwamkia mtu shikamoo. Siku ya kwanza alisimama mlangoni akawatazama wanawake.

"Hawa ni nani?"

"Wasomaji, Bwana," Yunis akajibu.

"Wanasoma nini?"

Hamida, muuza mchele kutoka Magoma, akamjibu bila kuinuka: "Tunasoma moto, baba. Herufi zake nyekundu."

Wakaangua kicheko. Paskali hakucheka.

"Hapa si jikoni. Tokeni. Moto utawashwa siku ya wageni wa serikali. Na madirisha yafungwe, unyevu usiingie."

Unyevu ulikuwa umeshaingia, akaufungia ndani. Kuta zikatoka jasho, vitabu vikaota kuvu. Akamwamuru Yunis avipanguse kila siku kwa kitambaa kikavu, milango na madirisha yamefungwa. Vumbi la kuvu likamwingia kifuani.

"Dirisha moja tu, Bwana," alimwomba.

"Ukiona hewa haikutoshi, iko nje."

Yunis akaanza kukohoa. Paskali akasema anawasumbua wasomaji, akamfukuza mvua inanyesha. Huku yeye mwenyewe, mchana wa baridi akibaki peke yake, alichukua kuni za wanawake zilizosalia pembeni akajiwashia.

Yunis alikufa masika hayajakwisha. Mlima mzima ulikuja msibani na kuni. Paskali hakuja, wala hakutuma mtu.

Nikaenda kuomba ufagio wake. Paskali alinipa kazi bila kuniuliza mimi ni nani. Mfagiaji kwake alikuwa mfagiaji. Nikafagia, nikafunga madirisha kama alivyotaka, nikangoja rundo la kuni liishe. Lilipoisha akaniambia:

"Mama, leta kuni."

"Kuni zililetwa na wanawake, Bwana. Uliwafukuza."

Akaenda kununua sokoni. Mimi nilikuwa nimetangulia. Nilipita kwa mmoja mmoja nikawaambia asiuziwe. Hamida akasema, "Hata kijiti cha mswaki hapati." Kila rundo aliloligusa aliambiwa lina mwenyewe.

Chumba kikawa kama kisima. Wasomaji wakaacha kuja. Kisha Paskali akaanza kukohoa, kikohozi kilekile. Nilikisikiliza nikiwa nimeinamia ufagio, na usiku nililala usingizi ambao sikuupata tangu tuzike.

Ikaja habari kwamba bwana mkubwa anapanda kutoka Tanga kukikagua chumba. Paskali akanifuata uani.

"Mama Zipora, wewe wanakusikiliza. Nisaidie, nitafukuzwa kazi."

"Shikamoo yako iko wapi?"

"Shikamoo."

Sikumwitikia. "Yunis alikuwa mdogo wangu, tumbo moja. Hukuja msibani. Chukua mzigo wa kuni, upitie sokoni watu wakiwa wamejaa, umpelekee mama yetu. Akiupokea, wanawake watarudi na kuni zao."

"Mwanamume nibebe kuni kichwani?"

"Mbona ulipoziota hukuuliza nani alizibeba?"

Akabeba. Nilimkatia mwenyewe, nikachagua mbichi. Sokoni wanawake walisimama wakapiga vigelegele kama harusini.

"Kaza shingo, baba!" Hamida akapaza sauti. "Tai isikulegee!"

Nilimfuata nyuma. Kwenye mwinuko alitua mzigo, akakohoa mpaka akashika mti.

"Nipokee kidogo, mama."

"Hewa si hii hapa? Vuta."

Tulipofika, mama alikuwa mlangoni anachambua maharage. Paskali alitua kuni miguuni pake, akapiga goti.

"Shikamoo, mama. Pole na msiba."

"Marahaba, mwanangu." Mama alizitazama zile kuni. "Aliyekuwa anasikia baridi hayupo. Rudi nazo."

Sikuwa nimemfundisha neno hilo. Mama akaendelea kuchambua maharage. Paskali alinigeukia, uso umelowa, jasho au machozi, sijui. Akasema, "Basi nitwikeni." Mama akaingia ndani. Mimi nikakunja mikono. Hajui mwanaume kujitwika mwenyewe. Mzigo ulimwangukia begani, ukamwangukia gotini, mwishowe akaukumbatia kifuani kama mtoto akateremka nao.

Bwana mkubwa alikuta baridi, kuvu, na mtu mmoja anayekohoa. Paskali akarudishwa pwani. Aliyekuja baada yake aliniachia madirisha, na Hamida akawa wa kwanza kuingia na ukuni wake.

Wachungaji huniambia nimsamehe. Wakati mwingine wasafiri kutoka Tanga huniletea habari zake. Wanasema kule kuna joto, lakini bado anakohoa.

Nami huwauliza, "Sana?"